Gogo la Musave kutoka Mushaki

Goma, Murara, tarehe 8 Oktoba 1978

Papa Mukubwa Ntirenganya,

Ninakusalimu wewe, Mama Mukubwa na wote walio nyumbani. Sisi tuko wazima. Mama alikohoa kiangazi chote kwa sababu ya vumbi, lakini mvua imeanza na amepata nafuu. Mdogo wangu Marie-Claire ameota meno mapya ya mbele na anayajaribu kwa kila kitu, hata kitabu changu cha jeografia. Mimi nimepanda mwaka wa tatu wa sekondari. Kwenye bahasha nimeandika Mukagasana peke yake, bila Julienne, kwa sababu shuleni wanasema majina ya ubatizo yasionekane kwenye karatasi za nje. Usifikiri barua imeandikwa na mtu mwingine.

Sasa neno lenyewe. Hilaire, dereva wa lori la maharagwe, alimwambia Mama sokoni kwamba huko kwenu parokia inajenga kibanda cha kuwekea mashine. Mama akamwuliza mashine gani. Hilaire akacheka: "Mashine ya marehemu, mama. Kwani hawajakuambia?"

Papa aliacha mashine moja tu, ile tour ya kukanyaga kwa mguu inayozungusha mti mpaka patasi iutie umbo la mviringo. Bado iko uani, pale alipoiacha. Kila Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, muzee Zéphirin aliyefanya kazi na Papa anakuja kuchonga miguu ya viti, na mimi ninamkanyagia.

Papa Mukubwa, mimi sitaki kukanyaga tu. Papa alikuwa ameanza kunifundisha. Aliweka kipande cha mti mbele yangu akasema: "Usiniambie huu ni mti gani. Niambie kuna nini ndani." Nilikigeuza tu mkononi, na yeye hakukasirika. Alisema tutaendelea Jumapili. Hatukuendelea, kwa sababu Jumapili ile alikuwa ameshalala hospitalini.

Je, ni kweli kwamba tour itachukuliwa? Ninaomba jibu la ndiyo au hapana.

Mtoto wako,
Julienne


Mushaki, 5 Novemba 1978

Mutoto wangu Julienne,

Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa. Sijui ni nani aliifungua. Hilaire anasema ni mvua. Mvua haijui kufungua bahasha.

Huku tuko. Ile ng'ombe ya madoa imezaa ndama dume. Mama Mukubwa anaumwa mugongo lakini hakubali kulala.

Unaniuliza juu ya tour. Mimi nakuuliza kwanza: nani alikutuma kuuliza? Mutoto wa miaka kumi na tano hamwandikii mukubwa wake "ndiyo ao hapana." Hayo ni maneno ya Zéphirin. Huyu mutu namujua tangu zamani, anapenda kukaa karibu na vitu vya wengine.

Ndugu yangu Laurent, papa yako, hakuwa fundi juu ya mikono. Mikono hata Zéphirin iko nayo. Alikuwa fundi juu ya macho. Nilimuona hapa kwangu anachomoa kuni ndani ya moto, anaizima na maji ya chai yake, anasema kulikuwa kitu ndani. Kama macho ile imebaki katika nyumba yenu, nitaiona. Kama haikubaki, mi ndiye mukubwa, nitaamua tour inakwenda wapi.

Hilaire anakuletea kipande ya muti ya avoka. Usikate. Uniandikie ndani yake kuna nini, na uchore. Zéphirin asiguse.

Papa Mukubwa wako,
Ntirenganya Émile


Goma, 26 Novemba 1978

Papa Mukubwa mpendwa,

Tumefurahi kusikia habari za ndama. Mama anamtumia Mama Mukubwa mafuta ya kuchua mgongo. Hilaire anayo, na tafadhali mwulize kama hakukupa. Mimi nilipata alama nzuri katika dessin, yaani kuchora, na mbaya katika hesabu.

Kipande cha avoka kilifika. Hilaire alikikalia kutoka Sake mpaka Goma. Nimekitazama siku nne. Siku ya kwanza niliona kuni.

Siku ya pili nilichukua jalada la cahier kuukuu ya hesabu, nikakata ndani yake tundu lenye umbo la bakuli. Nililishika mbele ya jicho kama dirisha dogo, nikalizungusha juu ya mti. Mahali pengine bakuli lilikatwa na kifundo cha tawi. Mahali pengine liliingia katika moyo wa mti, na Papa alisema moyo haufai kubaki ndani ya chombo. Mahali pamoja tu lilikaa.

Lakini dirisha linaonyesha umbo la nje. Halionyeshi ndani patakuwaje. Kwa hiyo nilichukua kitunguu. Nilikikata katikati nikaona pete za duara. Nilikata kingine pembeni, nikaona pete zimerefuka kama yai. Cha tatu nilikikata kwa mshazari. Mama alikuja akakuta vitunguu vyote vitatu: "Julienne, hapa tunapika ao tunasoma vitunguu?" Jioni tulikula vitunguu na maharagwe machache.

Jibu langu ni hili. Ndani kuna bakuli la kina kifupi, chini yake ikitazama upande wa ganda. Hapo pete zitalala ndani ya bakuli kama yai, na kifundo kitaanguka na maranda. Nimechora pande zote mbili.

Muzee Zéphirin hakugusa. Alisimama mlangoni akasema: "Andika, binti, andika. Siku utakapomaliza, tour itakuwa imeshapanda lori." Nakuambia ili usifikiri ninaficha.

Hukujibu swali langu.

Julienne


Mushaki, 7 Januari 1979

Mutoto wangu,

Mwaka mupya uwe mwema kwenu. Mafuta ilifika, chupa nusu. Nimemuuliza Hilaire. Anasema barabara ni mbaya.

Muchoro nimeuona. Mustari wako hautetemeki. Mutoto akichora anatetemeka. Mukono huu ni wa nani?

Sisemi ni wako na sisemi si wako. Nakutumia gogo ingine. Ni muti wa musave, tena mukubwa, watu wawili wataushusha. Miisho yake yote mbili imepakwa mavi ya ng'ombe. Uache vile uko. Uniandikie ndani kuna nini, mbele ya Pasaka, juu padri anataka kujua kama kibanda yake itapata mashine ao itapata mbuzi.

Sasa umejibiwa swali yako.

Ntirenganya Émile


Goma, 28 Januari 1979

Papa Mukubwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Marie-Claire amekuwa mwimbaji wa misa ya watoto, anaimba hata akiwa chooni. Mama anauza visamaki vya sambaza asubuhi na nguo jioni. Mimi niko mzima.

Gogo lilifika. Liko salama.

Nina maswali machache kabla sijajibu. Mti huu ulikuwa umesimama wapi? Nani aliukata? Na kwa nini miisho imefunikwa? Je, kuna uozo chini yake? Mwalimu anapotupa mtihani hafuniki swali.

Kuhusu mkono: ni wangu. Ukitaka nitakuja Mushaki wakati wa likizo nichore mbele yako.

Julienne


Mushaki, 18 Februari 1979

Julienne,

Tuko wazima.

Maswali yako sijibu. Unataka nikuambie muti ni wa nani ili uniambie kitu nataka kusikia.

Hilaire alishusha chumvi kwenu wiki iliyopita. Anasema gogo iko nyuma ya jikoni, imefunikwa na kitenge ya mama yako, na kitenge imelowa maji. Nimefanya kazi na miti na ng'ombe maisha yangu yote. Sijaona mutu anavalisha gogo kitenge.

Uliniandikia liko salama. Andika tena.

Ntirenganya


Goma, 4 Machi 1979

Papa Mukubwa,

Ninakusalimu kwa heshima. Nyumbani hakuna mgonjwa.

Gogo haliko salama. Nilikudanganya.

Lilipofika, muzee Zéphirin alilizunguka mara mbili akapiga mluzi. Alisema: "Miaka ishirini ninanunua miti. Anayepaka mwisho wa gogo anauza uozo. Mkubwa wako amekupa mtihani usio na jibu, binti, ili tour iende." Hakuniambia nioshe. Nilijiambia mwenyewe. Tarehe 20 Januari, Mama akiwa sokoni, nilichukua ndoo mbili na brosi nikaosha miisho yote.

Hapakuwa na uozo. Upande mmoja mti ulikuwa safi, wa rangi ya siagi. Upande wa pili palikuwa na alama zilizokwaruzwa kwa msumari: duara kubwa, duara dogo, na mstari mmoja ulionyooka ukipita kati yao, juu ya moyo wa mti. Mara ya kwanza nilifikiri umezikwaruza wewe ili unipoteze. Kisha nikaona kwamba kila duara limeanza na mkia mdogo. Papa alichora hivyo kwa kamba na msumari, na mkia ni pale mkono wake ulipokuwa bado unatafuta mahali. Nilikaa chini kwenye maji yale.

Baada ya hapo nilifanya kosa kubwa zaidi. Nilitaka mti ukauke upesi, niupake upya, usijue. Niliuweka juani kwenye mawe ya uani. Siku ya tatu, wakati wa chakula, ulilia kama mtu amepiga ubao kwa nyundo. Ufa ulitoka kwenye moyo, ukaenda mpaka gandani, ukapita ndani ya duara dogo. Ndipo nilipoelewa mavi ya ng'ombe ni ya nini. Yanazuia mti usikauke mbio. Nilichukua kitenge nikakilowesha, lakini ufa haurudi nyuma.

Sasa ninajibu. Hili si jibu la mtihani, kwa sababu nimeona kazi ya mwingine. Ni kusoma tu.

Mti hupasuka kuanzia moyoni. Papa alijua gogo hili litapasuka wapi, kwa hiyo alitaka kulipasua kwa msumeno kabla halijajipasua lenyewe. Mstari ule ni njia ya msumeno. Ni mwanzo wa kazi: anza hapa, toa moyo, upate nusu mbili zenye amani. Katika nusu moja aliona duara kubwa. Nimepima urefu wa gogo kwa mkono wangu, nikatazama kwa dirisha langu la jalada. Bakuli halikai, lingepoteza mti mwingi. Kinachokaa ni icyansi, chombo cha maziwa chenye tumbo na shingo, kama vile vya nyumbani kwako. Katika nusu ya pili aliona icyansi kidogo, cha mtoto.

Duara kubwa halijaguswa na ufa. Dogo limekwisha. Sijui alitaka kumpa nani.

Kama bado unataka tour, ichukue. Nitamsaidia Hilaire kuipakia.

Julienne


Mushaki, 25 Machi 1979

Mutoto wangu Julienne,

Mama Mukubwa anakusalimu. Mugongo umepona. Barua yako nimeisoma mara tatu peke yangu, na mara ya nne nimemusomea yeye, na yeye akaniambia niandike kila kitu, nisikate.

Noeli ya 1976 papa yako alikuja huku. Alikuta nimekata musave iliyokuwa mbele ya nyumba ya baba yetu. Sikumuuliza. Nilikuwa nataka kupanua kiraro ya ng'ombe. Aliniita mutu wa tumbo, mi nikamuita mutu wa mujini asiyejua majani ng'ombe wanakula nini. Tulilala bila kusemezana. Asubuhi nilimuona ameinama ku gogo na musumari na kamba. Alimaliza, akapanda lori. Sikumuona tena muzima.

Nilikwenda kutazama. Duara mbili, moja kubwa na moja ndogo, na mustari umepita katikati. Mukubwa na mudogo, na mustari. Nikafikiri anasema: wewe na mimi tumekatika.

Miaka miwili nafikiri vile. Nilipaka mavi juu gogo isipasuke, ni kweli. Na tena juu nisione ile mustari kila asubuhi nikienda kukamua. Gogo nililiweka kivulini mwa kiraro, sikulichoma, sikulitupa. Zéphirin ningemuuliza, angenijibu kitu ya kunipendeza ili abaki na tour. Nilitaka mutu asiyejua aniambie ndani kuna nini. Kama muchoro wako ungekuwa na duara mbili, ningejua kwamba zile ni za muti, si za ugomvi.

Kumbe ilikuwa njia ya msumeno.

Ungeniuliza mbele ya kuosha, nisingekuambia. Kwa hiyo ufa ule si wako peke yako. Duara ndogo najua ilikuwa ya nani. Na wewe aliyeanza kukufundisha unajua. Usiandike.

Sasa ukate. Padri nimemuambia angoje. Lakini usifikiri nimekuwa laini. Wazee wetu walichonga icyansi na tezo, na mikono, siku nyingi. Ya mashine sijaona bado inashika maziwa. Ukimaliza unitumie. Ikivuja, tour inapanda lori. Isipovuja, inabaki kwako, na Zéphirin akitaka kuchonga miguu ya viti atakuwa anakuomba ruhusa.

Ntirenganya Émile


Goma, 22 Aprili 1979

Papa Mukubwa mpendwa,

Pasaka ilikuwa njema, tulikula nyama. Mama alicheka alipomsomea Zéphirin ile sehemu ya ruhusa. Zéphirin alisema: "Patronne, bosi wangu, niruhusu nikae kwanza."

Tulipasua gogo kwa kufuata mstari. Zéphirin alishika msumeno upande mmoja, mimi mwingine. Alikuwa na maneno mengi mpaka alipouona ule mkia wa duara. Akasema: "Ni Laurent," na akavuta msumeno polepole mpaka tulipomaliza.

Safari hii yeye alikanyaga, mimi nilishika patasi. Nje palikuwa rahisi. Shingo ilinichukua Jumamosi mbili. Ndani huoni kitu, patasi inafanya kazi gizani, unasikiliza tu. Mti mnene unanguruma, mti mwembamba unaimba. Ulipoanza kuimba, niliogopa, nikaacha. Kwa hiyo upande mmoja ni mnene kuliko mwingine. Ukikishika utajua ni upande gani nilioogopa.

Kina mstari wa kahawia kuanzia tumboni mpaka shingoni. Haukuwa katika mchoro wangu, na nafikiri haukuwa katika wa Papa. Ulitokea tu. Usidhani ni ufa. Nimekipaka siagi mara sita, na Mama amekifukiza kama alivyofundishwa kwao. Usikioshe kwa maji ya moto.

Ile nusu nyingine iko bado. Kila siku nikitoka shuleni ninaitazama na dirisha langu. Sijaona kitu. Sitasema nimeona kama sijaona.

Hilaire amekifunga ndani ya gunia la majani ya chai. Amenihakikishia hatakikalia.

Kama kinavuja, andika kwamba kinavuja.

Mtoto wako,
Julienne


Mushaki, 13 Mei 1979

Mutoto wangu Julienne,

Salamu kwa mama yako na kwa muimbaji wa chooni. Huku mvua ni mingi na ng'ombe wana majani.

Hilaire alifika jana. Gunia ilikuwa imefungwa bado. Nilihesabu mafundo.

Nimeshika ule upande ulioogopa. Ni pale kidole gumba inakaa. Sina neno juu yake.

Leo asubuhi nilikamua ile ya madoa, nikajaza mpaka shingoni. Mama Mukubwa akasema: "Basi kunywa, unangoja nini?" Nikamuambia bado. Jirani Habarurema akaja kuona, akagusa chini na kidole, akasema inavuja. Nilimuonyesha kidole yake ilikuwa na jasho. Akaenda.

Nilichukua karatasi nyeupe, nikaiweka juu ya meza, na juu yake nikasimamisha icyansi na maziwa ndani. Nikafunga mulango, nikakaa mbele yake mpaka jua likashuka. Sikula. Sasa nimeiinua, nimekunywa, nimemupa Mama Mukubwa na yeye. Kesho naenda kumujibu padri: kibanda yake itapata mbuzi.

Karatasi yenyewe ni hii naandikia. Ni katikati hapa, pale neno hizi ziko. Usiniamini. Uishike ku mwangaza, ugeuze pande mbili, utafute alama ya maziwa.

Papa Mukubwa wako,
Ntirenganya Émile